Chumba cha Mtoto

Maji yenyewe yalikuwa kidogo, kama ya kikombe kilichomwagika, mbele ya mlango wa chumba cha mtoto. Mke wa Rula aliyapangusa Jumapili asubuhi, akayapangusa tena adhuhuri, na Jumatatu aliporudi kutoka sokoni akayakuta yametulia palepale, ya baridi, yananuka tope la kisima cha zamani. Nyumba yao haikuwa na kisima. Mtaa mzima haukuwa na kisima.

"Bomba hilo," Rula alisema bila kuinua kichwa.

"Bomba linapita jikoni, baba Kidoti. Huku hakuna bomba. Si wewe mwenyewe uliyeichora nyumba hii?"

Kweli aliichora yeye. Kazi yake ilikuwa kuchora ramani za majengo, na jina la Rula alipachikwa ofisini kwa sababu hakukubali kupima kitu kwa macho. Lakini kila Jumamosi alasiri aliweka rula kando akawa mwendesha mchezo. Shemeji yake kinyozi na wenzake wawili wa kazini walizunguka meza ya sebuleni, kila mmoja akijifanya shujaa. Yeye aliwasimulia walipo na wanachokiona, na dadu la pande ishirini likaamua nani apone, nani afe.

Kwa miaka miwili ulimwengu wa mchezo huo aliubuni mwenyewe, na kila shemeji alipouliza mto huu unaitwaje, akabaki kutumbua macho. Akachoka. Akanunua kitabu chenye ulimwengu uliokwisha kuandikwa: wafalme na wajomba zao, mito na majina yake, maadui na mahali walipojificha. Sina ugomvi na anayenunua, kubuni kunachosha. Lakini ulimwengu wa namna hiyo ni mtumba. Umekwisha kuvaliwa kwenye meza nyingi kabla ya yako, na muuzaji hakwambii nani alifia ndani yake. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na waliosema hivyo hawakuwa wanatania.

Kazi ya kwanza kitabuni, ya kuwazoesha wanaoanza, ilikuwa ya kisimani. Ndani ya kisima analia jini mdogo, mtoto. Mashujaa washuke wamuue. Hayo yaliandikwa kwa mistari mitatu tu. Chini yake kitabu kiliongeza kwamba mtoto huyo ana mama, na kwamba nyumba ya mama aichore mwendesha mchezo kwa mkono wake, kisha kikaacha ukurasa mtupu.

Rula hakuchora. Kazi za ofisini zilikuwa zimemfika shingoni. Alitoa kabatini nakala ya ramani ya nyumba yake, akafuta jina lake pembeni, akaandika "Kwa Mama wa Kisimani", akaibandika pale. Sebule ikabaki sebule, jiko likabaki jiko, na chumba cha Kidoti kikabaki na maandishi yake yaleyale mazuri: Chumba cha Mtoto.

Jumamosi ile, siku moja kabla ya maji kuonekana, mashujaa walibanwa kisimani. Kinyozi alikuwa amekosa mara tatu mfululizo, na Kidoti, mwenye miaka sita, alikuwa amesimama karibu na meza akitazama.

"Njoo, mama," Rula alimwita. "Mrushie mjomba wako. Mkono wa mtoto una bahati."

Kidoti akarusha dadu. Likatoka ishirini, namba ya juu kabisa. Mjomba akambeba begani, wote wakapiga makofi.

"Nimefanya nini?" mtoto aliuliza.

"Umemuua mtoto wa jini," baba yake alimwambia, na wakacheka mpaka machozi.

Jumanne Kidoti aliamka kutoka usingizi wa mchana nywele zimelowa. Jumatano mama yake alikwenda kumwamsha, akasimama nje ya mlango, akamwashiria mumewe aje bila kuvaa viatu. Jua lilikuwa limejaa barazani, jirani alikuwa anafua huku anaimba, na ndani ya chumba cha mtoto wao kulikuwa na mtu anayelia taratibu, kilio cha mtu mzima aliyekwisha kulia sana hadi sauti imebaki mkwaruzo, na kati ya kilio na kilio maji yalidondoka sakafuni, moja, moja, na harufu ya tope ikapita chini ya mlango ikawapanda puani mpaka Rula akajihisi kama amesukumiwa shimoni na kifuniko kimerudishwa juu yake. Akafungua. Kidoti alikuwa peke yake, amekaa kitandani.

"Yule mama anasema nimelalia kitanda cha mwanawe," alisema. "Anauliza nani alimuua."

"Ukamjibu nini?" Rula alinong'ona.

"Sijamjibu. Ameloa sana."

Walimwita shangazi wa mke, bibi aliyetibu waliopandwa na majini kwa utulivu wa mtu anayetibu mafua. Rula alimfungulia kitabu, naye akaisoma ile mistari mitatu, akaitazama ramani kwa muda mrefu.

"Kitabu hiki kipo kwenye meza ngapi?"

"Maelfu, nadhani."

"Basi mama huyo amemzika mtoto huyohuyo mara maelfu. Na katika wote hao, wewe ndiwe wa kwanza kumpa mahali pa kuja."

"Tuichane hiyo karatasi, shangazi," mke alisema.

"Nyumba amekwisha kupewa, mwanangu. Atatoka akiridhika tu. Ana haki ya kuuliza, naye atauliza." Akamgeukia Rula. "Ni nani aliyemuua?"

"Sisi. Pale mezani."

"Atamtaka mmoja. Akikuuliza, mwambie kweli, hata ulimi ukikataa. Sheria zao si zetu, usije ukajitia ujanja."

Rula aliitikia kwa kichwa. Habari ya mkono uliorusha hakuitaja, na mkewe, ambaye siku ile alikuwa sokoni, hakuijua.

Jumamosi, saa yao ya mchezo, walikaa mezani watatu. Kinyozi aliitwa, akasema ana wateja. Kidoti alikuwa amelala chumbani. Shangazi alifumba macho akaita kwa sauti ya chini, na maji yakaja yakitambaa kutoka mlango wa mtoto, yakapita kwenye zulia bila kulilowesha, yakapanda miguu ya kiti kitupu cha kinyozi, na kiti kikalia kama kinavyolia mtu mzito akikikalia, na ule mkwaruzo ukatoka hapo juu ya kiti, mahali ambapo hapakuwa na mdomo.

"Nani alirusha?"

"Mimi," Rula alisema.

"Baba Kidoti," shangazi alinong'ona, "sema kweli."

"Ni mimi. Kwa mkono wangu."

"Wewe ni mtu mzima."

"Ndiyo."

"Na ulijua kuwa ni mtoto."

Hilo halikuhitaji uongo. "Nilijua," alisema, akakaza meno akingoja kufa, na ndani ya hofu ile alikuwa na furaha, maana alimpenda mwanawe kuliko roho yake.

Hakufa. Kiti kikakauka. Harufu ikakatika ghafla, na sauti ya jirani anayeimba nje ikasikika tena. Mkewe alianza kulia kwa nafuu.

Shangazi alifumbua macho. "Ni wewe kweli uliyerusha?"

"Ni Kidoti," Rula alisema kwa sauti ndogo. "Nilimwita mimi. Hakujua anachofanya. Ningemtajaje mwanangu?"

Bibi yule alijishika kinywa. Akasema polepole, "Kwao mtoto hashtakiwi. Ungemtaja, angelia akaenda zake. Lakini mtu mzima aliyeua mtoto huku anajua, hawamuui. Wanachukua kwake alichochukua."

Walikimbia, mke mbele. Mlango ulikuwa wazi. Kidoti alikuwa amekaa kitandani amenyoosha mgongo, kama akaavyo mtoto anayesukwa, na nywele zake zilizolowa zilikuwa zinagawanyika zenyewe, mstari kwa mstari, kwa upole mkubwa, huku kichwa chake kikivutwa kidogo nyuma kila nywele zilipokazwa.

"Kidoti," mama yake aliita. "Mwanangu."

Mtoto aliwatazama wote wawili kwa adabu, kama wageni waliokosea nyumba.

"Shikamooni," alisema. "Mnamtafuta nani?"