Waya Uliokunjwa Vizuri

Diski yenye nyimbo za mwaka mzima ilikuwa imeibwa studio, na bosi alikuwa akifoka kama aliyefiwa.

"Mwizi akamatwe leo leo!"

Inspekta, mwanamama asiyependa kelele, alianza kukagua chumba. Mlango haukuvunjwa. Kompyuta ilikuwepo, maikrofoni za bei mbaya zilikuwepo. Waya wa diski ulikuwa umekunjwa duara safi na kufungwa fundo.

Mwizi gani anapanga vyombo kabla ya kutoroka?

Akamgeukia fundi wa sauti, mama wa makamo mwenye miaka kumi na miwili kazini hapo.

"Mama, hebu nikunjie na huu mwingine."

Fundi akaukunja bila kuutazama. Duara lile lile, fundo lile lile. Alipogundua amejikamata mwenyewe, akacheka.

"Mikono hii haina siri, afande. Nimechukua mimi."

"Kumbe nimefuga nyoka!" bosi akapayuka.

"Nyamaza kwanza. Kwa nini, mama?"

"Mimi sizimi mashine waimbaji wakipumzika. Sauti tamu huja mtu akidhani harekodiwi. Juzi nilitoka kunywa maji, nikarudi nikakuta mlango umefungwa kwa ndani. Jana bosi akaniagiza nifute kazi ya siku ile. Nikasikiliza kwanza." Akamnyooshea bosi kidole. "Anamwambia yule binti mwimbaji kwamba asipolala naye, wimbo hautoki. Binti anakataa, naye haachi kumshika."

"Ulikuwa utani tu!" bosi akaropoka.

Inspekta aliona aibu. Juzi jioni binti huyo alifika kituoni, na ni yeye aliyemrudisha akimwambia ushahidi hautoshi.

"Diski iko wapi?"

"Ninayo mimi."

Binti mwimbaji alisimama mlangoni, bahasha mkononi, kichwa juu.

"Mwanangu, si nilikwambia usijitokeze?" fundi akamaka.

"Nimechoka kujificha, mama. Aliyekosa si mimi."

Akamkabidhi Inspekta bahasha. Bosi alitaka kusema neno, pingu zikamwahi. Fundi alimtazama binti yule kwa fahari ya mzazi, machozi yakimtoka bila kuyafuta.

Inspekta akatoa kalamu.

"Nisamehe, mwanangu. Tuanze upya. Ukitaka, jina lako tutalificha."

"Liandike lote, afande. Na uandike kwamba anayesema 'sitaki' humo ndani, mara saba, ni mimi."