Mwanamke wa Magofuni

“Mkono wa nani huo begani kwako?”

Kija hakusalimia. Alisimama katikati ya duka lake la vitenge mjini Bariadi, simu ya video mkononi, tundu za pua zimemtanuka. Mchumba wake, Mboje, aliyekwenda Japani kusomea ufundi wa mashine za kilimo, alikuwa ametuma picha asubuhi hiyo na maneno: “Jumapili yangu kasrini.” Zilionekana kuta za mawe, Mboje akitabasamu, na mkono wa mwanamke. Mwenye mkono hakuonekana.

“Ni wa mama mmoja tunafyeka naye nyasi.”

“Umevuka bahari ukafyeke nyasi na mwanamke?”

“Haya ni magofu ya ngome ya kale, mpenzi. Wanakijiji wanajitolea kuyatunza.”

Baba yake Kija, mzee Ndalahwa, aliyekuja mnadani kutoka Zagayu, akainyakua simu.

“Wewe! Kasri gani mawe matupu?”

“Ilikuwa ya bwana mkubwa wa vita, baba. Mbao ziliungua, mawe yakabaki.”

“Ng’ombe wake walilala wapi?”

“Sijui, baba.”

“Bwana mkubwa hana zizi! Kija, huyu anadanganywa huko.”

“Baba, nipe simu! Mboje, nionyeshe huyo mwanamke sasa hivi, la sivyo pete yako inaenda chooni.”

Kamera ikageuka. Akatokea bibi kizee, mundu mkononi, akainama mpaka kiunoni kuwasalimu. Mzee Ndalahwa, asiyeinamia mtu, akajikuta naye ameinama. Paji la uso likagonga kaunta.

“Mwangaluka, mayo!” akaamkia kwa Kisukuma huku akijisugua.

Bibi akacheka, akamwaga Kijapani. Mboje akatazama chini.

“Tafsiri!” Kija akaamuru.

“Anasema kila Jumapili namsimulia habari zako mpaka mundu unamponyoka. Anasema nikuoe haraka, masikio yake yapumzike.”

Kija alitaka kununa, kicheko kikamshinda, machozi yakafuata. Miezi yote hiyo Mboje alikuwa akimjibu “sawa” na “niko bize”, naye akaamini ameshasahaulika.

“Mbona mimi huniambii hayo?”

“Naona aibu. Kwake ni rahisi, nusu ya Kijapani changu haelewi.”

“Mwambie avumilie mpaka pamba ivunwe. Ukirudi tu, nakuoa.”

“Mwanamke anaoaje?” Ndalahwa akamaka.

Pamba ikavunwa, Mboje akarudi, ndoa ikafungwa. Ngoma zikiwa zimepamba moto, bibi akapiga simu ya video. Kija, na shela lake jeupe, akapiga magoti vumbini mbele ya kioo cha simu, akamsalimia kama mama mkwe.