Ngozi Iliyokataa Kubanduka

Ngozi ilitakiwa ibanduke. Hilo ndilo lililongojwa katika wodi ya walioungua mjini Lodwar, na ndilo lililokataa kutokea.

Daktari Erupe alikuwa amemweleza mama mtu mapema. Namuria, mtoto wa miaka sita, alimwagikiwa na karai la mafuta ya mandazi kule Kakuma, kifua na shingo vikaungua vibaya, na ngozi yake iliyobaki haikutosha kuziba kidonda kwa mara moja. Basi ikaagizwa ngozi ya marehemu mmoja aliyekubali, kabla ya kufa, kuwaachia wagonjwa. Ilitoka benki ya ngozi, ikaja kwa ndege ndani ya sanduku la barafu.

"Hii ni ya kuazima," alisema daktari. "Inafunika kidonda tu. Baada ya wiki mbili tatu mwili utaikataa, itatoka, halafu tutapanda ya paja lake mwenyewe."

Akidor, mama wa mtoto, alielewa. Hata sufuria ya jirani hurudi kwao.

Wiki hizo zikapita. Asubuhi moja Sista Athieng, binti wa Sudan Kusini aliyekulia kambini Kakuma, alifungua bandeji akanusa.

"Mama Namuria, unaficha etaba kwa kitanda?" akamtania.

"Mimi nakula tumbaku yangu nje, sista. Si hapa."

Lakini harufu ilitoka chini ya bandeji, nzito, kama ya mdomo wa mzee. Ngozi ile haikuwa imelegea popote, na katikati ya kifua cha mtoto zilikuwa zimeota nywele nyeupe. Athieng akaacha utani. Akazing'oa kwa kibano, na kesho yake zilikuwa zimerudi.

Kisha ukaja mchana mmoja, saa ile ambayo joto la Lodwar hulaza kila mtu na hata mbuzi hawatoki kivulini. Akidor alikuwa akimpepea mwanawe kwa kipande cha boksi. Midomo ya Namuria ilikuwa imefungwa. Sauti ilitoka kifuani, chini ya bandeji, sauti ya mwanamume mzee, ya upole kabisa.

"Nipe etaba."

Mtu asimcheke Akidor. Kwao mzee akiomba tumbaku hupewa kwanza, maswali baadaye. Hata baba yake aliyezikwa Kataboi hakupitwa kaburini bila kudondoshewa kidogo. Mkono wake uliingia kwenye pindo la shuka aliyojitanda, ukatoa tumbaku na kuiweka juu ya bandeji kabla akili haijauliza ni nani huyo anayeomba.

"Ejok, vyema," ikajibu sauti, kwa kuridhika.

Jioni hiyo homa ilishuka. Daktari Erupe alifurahi mpaka akawaita wenzake waje kuona. "Imeshika yenyewe! Sijawahi kuona kitu kama hii." Akidor alitaka kumwambia, lakini utamwambia nini mtu aliyefurahi hivyo, na mtoto wako yuko hai? Akanyamaza, na baadaye wakaruhusiwa kwenda nyumbani.

Kule Kakuma mtoto hakucheza na wenzake tena. Alikaa mlangoni magoti juu, kama wazee wanavyokaa kwenye vigoda vyao, akikohoa na kutema mate pembeni, na alipoitwa jina lake alichelewa kugeuka, kana kwamba alikuwa anaitwa mtu mwingine wa chumba cha ndani. Akidor alipomwogesha aliona mpaka wa ile ngozi, uliokuwa umekomea shingoni, sasa umefika kidevuni, na juma lililofuata umeshuka tumboni.

"Mama," Namuria alinong'ona siku moja, "ananisukuma."

"Nani?"

"Mzee. Anasema nisogee."

Akidor alimbeba siku hiyohiyo akarudi naye Lodwar, akilia njia nzima bila haya. Daktari Erupe alimpima kwa muda mrefu. Alitafuta paja, akalikuta na nywele nyeupe. Akatafuta mgongo, akaukuta mkavu, wenye mikunjo.

"Nikitoa hii, chini ni nyama tupu. Atakufa," alisema kwa sauti ndogo. "Na yake ya kupanda nitatoa wapi, mama? Yake iko wapi?"

Basi wakarudi Kakuma, akaitwa Lotiir, mwaguzi. Akachinja mbuzi, akampaka mtoto ujiuji wa tumboni mwa mbuzi huyo, dawa ya kutakasa ambayo kwa wengine hukaukia mwilini mpaka ikapasuka. Kwa Namuria ilinyonywa yote, huku wanatazama, mpaka ngozi ikabaki inang'aa, na kutoka ndani ikasikika sauti ya mtu anayecheua baada ya kushiba. Lotiir alisogea nyuma.

"Nani alimpa kitu huyu?"

"Ni mimi, apa," Akidor alinong'ona, akimwita baba kwa heshima. "Aliomba etaba. Nikampa."

"Angekuwa mwizi ningemtoa. Lakini wewe mwenye nyumba umempokea. Mimi nitamfukuza kama nani?"

Akaosha kisu chake, akaondoka bila kuichukua hata nyama ya mbuzi.

Siku hizi Akidor hukaa na mwanawe mlangoni. Kilichobaki cha Namuria ni kiganja cha kushoto, kidogo, laini, chenye kovu la mwiba. Akidor amegundua kwamba mzee akitafuna etaba hunyamaza, na akinyamaza, mtoto hupata nafasi ya kusema. Anajua pia kwamba kila akimpa anamkaribisha zaidi. Anajua, na anampa, kwa sababu hakuna njia nyingine ya kumsikia mwanawe.

"Mama," ilisema jana ile sauti ndogo.

"Niko hapa."

"Anasema nisogee tena. Nisogee wapi?"

Akidor alikishika kile kiganja kwa mikono yake yote miwili, akakibana, akakibusu, akalitaja jina la mtoto tena na tena, mpaka akahisi vidole vinafumba juu ya vyake, kimoja baada ya kingine, vigumu, kwa nguvu za mtu mzima.

"Nipe etaba."

Akampa haraka, akainama kusikiliza. Mzee alitafuna mpaka akamaliza, na ile sauti ndogo haikuja.