Kioo cha Malori Mapya

Jioni ile nilitumwa kupima sindano. Hakuna zaidi.

"Asheri," fundi mkuu Ernesti aliniita, akijifuta grisi mikononi. "Wakubwa wanataka kioo cha kusomea karatasi za malori mapya. Nenda kule nyuma kwenye mabovu, kapime kwenye lile la Uweso. Mazima yote yako safarini."

"Sasa hivi? Jua linazama."

"Kwani kwenu Muheza jua likizama mnalala na kuku? Nenda." Kisha, sauti chini: "Lakini usikae."

Ilikuwa mwaka wa hamsini na sita, Tanga. Kila lori la kampuni yetu lilikuwa na saa ya mwendo, sanduku la chuma lenye ukubwa wa kopo la biskuti. Ndani yake karatasi ya duara ilizunguka polepole, na sindano iliikwaruza. Gari likisimama, mstari ulikaa karibu na kitovu. Likikimbia, mstari ulipanda kuelekea ukingoni. Ajali ikitokea, karatasi ililetwa kwangu. Niliilaza chini ya kioo kilichochorwa miviringo ya maili na mistari ya dakika, nikasoma dereva alifanya nini. Madereva waliniita Mpiga Ramli. Nilipenda jina hilo.

Kioo kile kilichorwa kwa malori ya zamani. Mwanzoni mwa mwaka yalikuja malori matatu mapya, na masanduku ya namna nyingine. Sisi tukaendelea na kioo kilekile.

Lori jipya la kwanza kupata ajali lilikuwa la Uweso. Alitoka Pangani na shehena ya mbata, peke yake, kwa sababu utingo wake alishikwa na homa. Akagonga mti kwenye kona, karibu na kitongoji alichozaliwa, upande huu wa Tongoni. Jina la kitongoji sitalitaja. Nilisoma karatasi yake na kuandika: baada ya kugonga, gari liliendelea kutembea dakika ishirini, kwa mwendo wa maili nane.

Gari lilikutwa limekumbatia mti.

Nilipaswa kukitilia shaka kioo. Sikukitilia. Nilikuwa na cheti cha chuo, na kioo kilikuwa na namba. Nikatia sahihi. Maneno yale yakatoka karakana, yakapanda malori, yakashuka kitongojini: gari la maiti lilitembea. Na aliyekutwa kando yake alfajiri, kaniki imeloa damu, alikuwa Mwanasiti, mama yake Uweso, mjane aliyekwisha kuzika watoto watatu kabla ya huyu. Watu hawakutafuta mbali. Amemla mwanawe, walisema. Amemla, kisha akamtembeza.

Wiki tatu zilikuwa zimepita nilipopanda ndani ya lile lori.

Niliingia kwa mlango wa utingo, maana ule wa dereva ulikuwa umejikunja. Harufu ya mbata iliyochacha ilinikaba. Nilitia karatasi mpya ndani ya sanduku, nikaijaza saa yake ufunguo, nikasikia ikianza... tik, tik, tik. Nilitaka tu kujua sindano hukaa wapi gari likiwa limesimama. Betri ilikwisha ng'olewa. Injini mafundi walikuwa wameifungua vipande vipande.

Kiti kikaanza kutetemeka.

Kidogo tu. Kama kiti cha gari linalongoja abiria.

Nilishika mlango. Harufu ikageuka. Petroli mbichi... maji ya moto... chuma kilichotoka kukimbia. Halafu nikasikia mtu akivuta pumzi upande wa usukani. Pumzi fupi, yenye maji ndani yake.

Sikugeuza kichwa. Niligeuza macho.

Kiti cha dereva kilikuwa kitupu. Lakini kitufe cha honi, katikati ya usukani, kilizama polepole. Kikainuka. Kikazama tena.

Hapakuwa na sauti.

"Hodi..."

Sauti ilitoka nje, nyuma yangu. Nilinyamaza.

"Hodi..."

Nilinyamaza bado. Kwetu kama kwa watu wa pwani, mtoto hufundwa mapema: ukiitwa gizani, usiitike mpaka mara ya tatu.

"Hodi, mwanangu."

"Karibu."

Mtetemo ukakoma. Kando ya mlango alisimama bibi mwembamba, kajitanda kaniki, mikono imeshika ukingo wa dirisha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umengoja ya tatu. Umelelewa vyema." Alichungulia ndani, akatazama kiti cha dereva muda mrefu. "Mimi ni mamake Uweso. Mlinzi kanionea huruma. Nimekuja kupaona alipokatia roho, kabla ya kesho."

"Kesho kuna nini?"

"Nakula kiraho. Baada ya sala ya Ijumaa. Papai la kiapo, lililosomewa na mganga. Mwenye uchawi humvimbia kooni akafa palepale." Alitabasamu. "Meno yenyewe sina. Wataninyima hata raha ya kulitafuna."

"Bibi, ile karatasi... mimi ndiye niliyeisoma."

"Najua. Wameniambia ni kijana wa Kibondei mwenye miwani. Nakushukuru."

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Sikiliza," alinong'ona. "Uweso akipita kwetu usiku hupiga honi mbili, nami hutoka nikampungia. Usiku ule zilipigwa mbili. Ikaja ya tatu. Nikashika komeo. Ikaja ya nne, ya tano. Jirani akanigongea ukuta: Mwanasiti, usitoke, binadamu haiti zaidi ya mara tatu, hicho kinamwigiza mwanao. Nikahesabu mpaka thelathini, mwanangu. Nikaziba masikio. Nilipotoka ilikuwa alfajiri, na amekwisha kuwa baridi. Kisha karatasi yako ikasema gari lilikuwa likijiendea lenyewe, na mwenyewe keshakufa. Basi ile honi haikuwa yake. Waniite mchawi watakavyo. Neno lako hilo ndilo linalonipa usingizi."

Aligusa mlango mara moja, kama mtu anayegusa paji la uso la mgonjwa, akaenda zake.

Nilifungua sanduku. Sikuwa nimekaa humo zaidi ya muda wa kuvuta sigara moja. Lakini kwenye karatasi mpya, nyeupe, isiyotumika, palikuwa na mstari mrefu. Haukukaa karibu na kitovu. Ulikaa juu kidogo, kwenye mviringo ambao kioo changu kiliuita maili nane. Na wote ulikuwa umetetemeka, kama mwandiko wa mkono wenye homa.

Sikulala.

Alfajiri lori jipya moja lilirudi kutoka Korogwe. Nilimwomba dereva aliache linaunguruma uani, magurudumu yamesimama. Nikatia karatasi. Nikatazama saa yangu ya mkono.

Sindano ilikaa palepale. Mviringo uleule, mtetemo uleule.

Masanduku mapya hayakuishusha sindano mpaka chini wakati injini ikiwaka. Niliyoiita maili nane ilikuwa gari lililosimama. Tena karatasi mpya ilizunguka mara moja kwa siku nzima, na ya zamani mara mbili. Kila dakika niliyoisoma zilikuwa mbili.

Gari la Uweso halikutembea. Lilisimama mtini, injini ikiwaka, dakika arobaini. Na ndani yake alikuwamo mtu anayepiga honi.

Niliazima baiskeli. Njia nzima ya kusini, katikati ya mikonge, niliomba nichelewe na niliomba niwahi. Nikinyamaza, atakula kiraho, na kooni mwa mtu wanaweza kuingiza kitu kingine zaidi ya papai. Nikisema, nitampokonya usingizi wake.

Niliwakuta wamekaa duara. Papai lilikwisha katwa. Mwanasiti alikuwa kwenye mkeka, peke yake, viganja juu ya magoti.

"Jumbe Shehe," nilimwambia mkuu wa kitongoji, "nilisoma vibaya. Gari halikutembea."

"Jana karatasi ilisema limetembea," alijibu. "Leo limesimama. Kesho litaruka?"

Wachache walicheka. Nikaeleza. Nilieleza kama nilivyoeleza hapa, kwa sindano na miviringo, na jasho likaingia machoni. Nilipotamka dakika arobaini, kicheko kilikwisha.

"Alikuwa hai," nikasema. "Alikuwa akiita."

Mwanamke mmoja alimshusha mtoto wake chini na kujifunika uso kwa kanga. Mzee mwingine alianza kutazama kucha zake. Hakuna aliyeuliza honi gani. Duara zima lilikuwa limeisikia, kila mtu nyuma ya komeo lake, kila mtu akihesabu.

Jumbe Shehe alinyanyuka kwa shida. Alichukua sahani ya papai, akaifukia mwenyewe kwa jembe, nyuma ya kibanda. Aliporudi hakumtazama mtu. "Nendeni majumbani," akasema. "Hapa hakuna mchawi." Halafu, polepole: "Afadhali angekuwepo."

Waliondoka mmojammoja. Mwanasiti alibaki mkekani.

"Dakika arobaini," alisema.

"Nisamehe, bibi."

"Ni sawa na kupika wali." Alikunja ncha ya kaniki, akaikunjua. "Na mwisho wa mstari? Umeishaje?"

"Umekatika ghafla. Injini ilizimwa kwa ufunguo."

"Nani aliizima?"

"Labda yeye mwenyewe."

Alitikisa kichwa. "Mkono mmoja ulivunjika mara mbili. Wa pili ulibanwa kwenye usukani. Ulifika honi tu." Alinivuta karibu, na pumzi yake ikanigusa sikio. "Kuna jambo sikumwambia mtu, wangesema ni mimi. Nilipofika, ufunguo ulikuwa kifuani pake, umefutwa damu. Macho yake yamefumbwa. Kidevu kimefungwa kwa kitambaa, vizuri, kama tunavyowafunga maiti wetu. Kitambaa cheupe. Hakuna mwenye kitambaa kama kile hapa kwetu."

"Nani, bibi?"

"Sijui. Aliyesikia." Macho yake yalikuwa makavu. "Jana nilimwogopa. Leo namwombea dua. Afadhali kilichotoka, chochote kiwavyo, kuliko mama aliyekaa ndani."

Nilirudi Tanga, nikachora kioo kipya. Ni kizuri, malori mapya yote husomwa kwacho. Ripoti ya Uweso niliiandika upya usiku huohuo, na fundi Ernesti aliisoma akiwa amesimama mlangoni, midomo ikicheza.

"Umeacha nafasi moja wazi," alisema.

"Ipi?"

Aliweka kidole chenye grisi kwenye fomu, mahali palipoandikwa: Mtu wa kwanza kufika.

"Andika mama yake."

Nilichukua kalamu. Nimeishika mara nyingi tangu siku ile. Pale pamebaki alama ya kidole chake tu.