Bati Lililofutwa Pichani

Mawingu hakuwa na gari. Hakuwa na koti la mvua wala mkoba wa kamera. Kamera aliifunga ndani ya taulo kuukuu. Stendi yake ilikuwa na mguu mmoja uliofungwa kwa mpira wa baiskeli. Hakuwa na mwalimu. Kupiga picha alijifunza kwa kukosea. Tena hakuwa na nafasi ya kutazama kitu chochote kilicho chini ya anga. Hilo la mwisho, ndugu zangu, ndilo lililomponza.

Majirani walimpa jina la Mawingu kwa sababu, msimu wa joto ulipofika na mbingu kuchafuka, alifunga studio yake ya picha za vitambulisho na kukimbilia mwinuko ulio nyuma ya nyumba.

Jumapili moja alasiri walikuwa wametulia barazani. Mkewe alikuwa akimsuka binti yao, na redio ikiimba taratibu. Mara wingu jeusi likainuka.

"Baba, leo usiende," mkewe alisema bila kuinua macho. "Lile bati la pembeni limelegea. Ni misumari miwili tu."

"Nikirudi, mama. Wingu halingoji mtu."

"Na bati je, mmeahidiana?"

Binti akacheka. Mawingu naye akacheka, akachukua taulo lake, akaenda.

Kule juu alijua kazi yake. Aliuweka upeo wa macho chini kabisa, anga ikapata robo tatu ya picha. Nyumba yake akaiacha pembeni, ndogo kama kiberiti, ili ukubwa wa wingu uonekane. Mwanga ulipopenya kwenye pazia la mvua, akabonyeza.

Kesho yake, kwenye kompyuta ya studio, alikoleza weusi wa mawingu na kunyoosha upeo. Alipoikuza picha akaona doa. Bati la pembeni limeinuka kama ukurasa wa kitabu, na chini yake mkewe analivuta kwa mpini wa ufagio. "Linaharibu mpangilio," alijisemea. Akanakili kipande cha paa kilicho salama, akakibandika juu ya bati. Akanakili majani, akayabandika juu ya mkewe. Kazi ya saa nzima. Misumari miwili ingechukua dakika kumi.

Kiwanda kimoja cha uchapaji kikaichagua picha ile kwa kalenda yake. Mawingu akaikimbiza nyumbani.

Mkewe aliitazama kwa muda. "Nzuri," alisema, akagusa majani kwa kidole. "Mimi nilikuwa hapa."

"Nilikufuta kidogo tu, mama."

"Kidogo," alisema mkewe, akarudi jikoni.

Wiki ile ile dhoruba ya pili ikaja, na Mawingu akapanda mwinuko. Kupitia lenzi aliona kitu kinang'aa, kinaruka juu ya paa. Alibonyeza kwanza. Ndipo akaelewa.

Alipofika nyumbani mbio, bati lilikuwa limemchana mkewe mkono, na kitanda cha binti kilikuwa kinaelea kwenye maji ya mvua. Jirani yao seremala ndiye aliyemfikisha mgonjwa hospitali, akashonwa nyuzi tisa. Kutoka hapo mama na binti wakaenda kukaa kwa dada wa mkewe, mji wa mbali.

Mawingu alipiga simu. "Niandikie," mkewe alimwambia. "Kwenye simu una maneno mengi. Paa likikamilika tutaona."

Akawaomba wachapaji waiondoe picha ile, akaazima nyundo.

"Gonga, bwana," seremala alimwambia juu ya paa. "Huu ni msumari, hauna kitufe."

Walibadilisha upande mzima kwa siku mbili. Mwishoni seremala akashika kamera, akampiga picha Mawingu akiwa juu ya paa. Upeo ulipinda, anga ikakatwa, na kidole cha seremala kikajaa kwenye kona. Kule studio, mkono wa Mawingu ulienda wenyewe kwenye kompyuta ili airekebishe. Akaurudisha, picha ikabaki ilivyo.

FUNZO

Ndugu zangu, kipaji si kosa, na kupenda anga si dhambi. Kosa ni kuona ubovu wa nyumba yako kwa macho yako, kisha ukatumia ufundi wako kuuficha badala ya kuutengeneza. Anayekushikia paa asifutwe, hata pichani.

Mawingu naye alimwandikia mkewe hayo kwa maneno yake, kwenye ukurasa mmoja. Ndani ya bahasha akatia picha mbili: ile ya kidole cha seremala, na ile ya kwanza kabla haijaguswa, mkewe akiwa chini ya wingu na mpini wa ufagio mkononi. Nyuma ya hiyo ya pili aliandika, "Hii ndiyo picha." Akalamba gundi, akaikandamiza bahasha kwa kiganja, akatembea hadi posta na kuitumbukiza sandukuni.