Mwanamke wa Vipande Chini ya Kitanda

"Wifi, huu mdomo ni wa nani?"

Sindano alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda cha mchumba wake. Ni mshonaji, na jina la Sindano alipewa kwa kazi yake, ingawa ulimi wake nao unalistahili. Alikuwa amekuja kuchukua suruali ya harusi aipunguze. Akainama kutafuta viatu vya bwana harusi, akaibuka na msokoto wa karatasi nene. Kuufungua, mdomo wa mwanamke, mrefu kama mkono kuanzia kiwiko hadi vidole.

Wifi yake, dada wa bwana harusi, alisimama mlangoni na bakuli la vitunguu.

"Mdomo gani tena?"

"Na jicho! Jicho kubwa kama sinia!"

"Wifi, shusha pumzi."

"Nishushe pumzi na kuna mwanamke chini ya kitanda? Tena kwa vipande!"

Harusi ilikuwa Jumamosi. Shela lilikuwa limeshaning'inia kabatini kwake, kalishona mwenyewe. Akapiga simu kwa mchumba wake, anayechapa mabango makubwa ya barabarani na ambaye mtaa mzima unamwita Mabango.

"Nani huyu mwanamke uliyemficha chini ya kitanda?"

Mashine ya kuchapa ilikuwa inanguruma nyuma yake.

"Kumbe umemwona?"

"Nimemwona! Heri ungechepuka na mzuri! Pengo lenyewe lori linapita na mzigo wake! Ngozi kama ukuta usiopigwa plasta!"

"Sindano, usimtukane."

"Unamtetea?"

"Namtetea. Nampenda."

Wanaume wengine huanza na maelezo. Huyu alianza na hilo, na simu akaiacha wazi.

Sindano akakaa sakafuni akalia, si kile kilio cha kutafuta kubembelezwa. Alimpenda yule mwanamume kuliko alivyowahi kumwambia. Alipoinua uso, wifi alikuwa anacheka mpaka vitunguu vinamwagika.

"Na wewe unacheka?"

"Wifi, wewe si fundi? Vitambaa vikitawanyika hivyo utajuaje kama ni gauni au pazia? Viunganishe."

Akaviunganisha kwa hasira, ili walau aijue sura ya adui yake. Alichomoa pini kwenye blauzi, akabana jicho na pua, pua na mdomo. Bado aliona madoa na rangi tu.

"Sasa rudi nyuma," Mabango akasema kwenye spika ya simu. "Picha ya bango haitazamwi kwa pua. Rudi mpaka mlangoni."

Akarudi, akasimama pembeni ya wifi, akatazama. Mwanamke wa sakafuni alikuwa anacheka kwa mdomo wote, pengo nje, macho yamefinywa.

Alikuwa yeye.

"Hiyo picha nilikwambia uifute!"

Wifi ndiye aliyeipiga siku ya posa. Tangu alipoiona, Sindano alikuwa akicheka huku kaziba mdomo kwa kiganja. Hata studio alifunga midomo mpaka mpiga picha akamuuliza kama jino linamuuma.

"Sikuifuta," Mabango akasema. "Ilinifikia kwa meseji imeshaminywa, kila nikiikuza inavunjika vidoti. Hivyo vipande ni majaribio ya bango la harusi yetu, nilichapa nione kama itashika. Haikushika. Juzi dada akanipa ile halisi kutoka kwenye simu yake, sasa iko safi, mpaka kovu lako la tetekuwanga linaonekana."

"Unataka kunitundika mlangoni pa ukumbi na pengo langu?"

"Nimeandaa mbili. Ya studio, na hii. Chagua wewe. Sichapi mpaka useme."

Akakata. Sindano akabaki anamtazama yule mwanamke. Hakuwahi kujiona akiwa na furaha kiasi kile.

"Wifi, nilivyomtukana..."

"Nilikusikia. Muombe radhi."

Alichukua simu, akaandika:

"Chapa ya kucheka."

"Una hakika?" Mabango akajibu.

"Kovu usiliguse. Na ongeza ukubwa, kuna watu wangu wanakaa mbali."

Jumamosi, bango lilifunika nusu ya ukuta wa ukumbi. Shangazi wa bwana harusi alilisogelea mpaka pua ikagusa turubai.

"Hivi hawa wamekodi ukumbi kwa daktari wa meno?"

"Shangazi, rudi nyuma!" watu wakapiga kelele.

Akarudi hatua kadhaa, akainua miwani.

"Ala! Kumbe ni mkwe wangu! Mbona mzuri hivi?"

Sindano akaangua kicheko ndani ya shela lake. Mkono ukaanza kupanda mdomoni kwa mazoea. Mabango akaudaka njiani.

"Huu leo ni wangu," akasema.

Hakuurudisha mpaka keki ilipokatwa.