Kanzu ya Romano

Haya yalimpata jirani yetu Monika hapa Makau, sisi Wajapani tuliofukuzwa kwetu kwa Ukristo wetu tulipokuwa bado wageni. Mwanawe wa pekee, Romano, alikuwa amerudi Nagasaki kwa siri na padri mmoja Mjesuiti. Kanzu yake nyeusi ya utumishi wa kanisa ingemponza kule, ambako Mkristo akikamatwa aliuawa, kwa hiyo aliiacha, na Monika akawa anaianika kila mvua zilipokatika.

Alasiri moja Bruda Belkiori alimfungulia stoo ya Wajesuiti ilimowekwa kanzu. "Mama Romano, utaichakaza kabla mwenyewe hajarudi!"

"Akirudi akaikuta inanuka ukungu, utaivaa wewe?"

Bruda alicheka, akaenda zake. Stoo haikuwa na dirisha. Monika akipapasa gizani alisikia mchakacho wa nguo, kama mtu anayevua bila haraka.

"Nani?"

Akazidi kusogea mbele.

Tangu utotoni Romano alivua nguo kwa kuuvuta mkono wa kushoto, ukabaki umegeuka ndani nje, na mama yake hakuchoka kumgombeza. Kanzu hii Monika aliikunja mwenyewe mara ya mwisho, mikono yote ikiwa sawa.

Vidole vyake viliifikia. Mkono wa kushoto ulikuwa umegeuka. Aliingiza wake ili aurudishe, na ndani mlikuwa na joto.